Samaki Waliovaa Hereni

Haya ninayasimulia nikiwa na hasira, na sitaomba radhi. Mkisikia sauti yangu imepanda, ndugu zangu, jueni ni kwa sababu hasira haijaniisha, na sioni kwa nini iniishe.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mtafiti katika kituo cha samaki kilicho mwisho wa barabara yetu. Mtaani tulimwita Daktari wa Samaki kwa utani, naye aliitikia huku akicheka. Jioni alipenda kukaa barazani na kikombe cha chai, mwanawe mdogo amemlalia mapajani, akitusimulia habari za samaki wake kama mtu anayewasengenya mawifi. Huyu mvivu, yule mgomvi, yule jike hana subira na watoto. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa mtu wa maneno machache. Mama mkwe aliishi humo humo, na mdogo wa mume naye humo humo.

Huyo mdogo wa mume tulimwita Kesho Tajiri. Kila siku ana mpango, kila mpango unaanza kesho, na leo anakula kwa kaka yake.

Sasa sikilizeni kazi ya huyu mama ilikuwa nini. Ugonjwa uliingia kwenye mabwawa yetu. Mimi nina mabwawa mawili nyuma ya nyumba, ndiyo yaliyonisaidia kulea wanangu baada ya baba yao kufariki. Perege wangu walitokwa macho, wakawa wanazungukazunguka juu ya maji kama walevi, wakafa. Kwa majirani hali ilikuwa ile ile. Yeye akapita bwawa kwa bwawa akiwaokota wachache waliopona, akawazalisha. Watoto wao akawatia kwenye maji yenye ugonjwa ule ule, na waliosalimika akawazalisha tena. Akaendelea hivyo kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata samaki ambao ugonjwa ukiwapitia wao wanaendelea kula. Hao wazazi walikaa tangi moja, kila mmoja na kilebo cha rangi mgongoni ili ajulikane ni nani na ametoka kwa nani. Tangi la pili lilikuwa limepasuka, na wakubwa wa kituo walikuwa "wanalishughulikia". Sote tunajua maana ya neno hilo.

"Dada, vifaranga wa kwanza wa samaki hawa ni wako," aliniambia. "Wewe tayarisha bwawa."

Balaa lenyewe lilianza kwa wema. Pale kituoni kulikuwa na samaki wengine, wa kawaida, ambao wakishapimwa uzito na urefu hawana kazi tena. Mkuu wake alimruhusu kuchukua wachache kwa kitoweo. Siku ya kwanza mama mkwe alimshukuru. Siku ya pili akauliza mbona wadogo. Tangu hapo nyumba ile haikunyamaza.

"Mke wa mwanangu anashinda na samaki, halafu sisi tunakula majani!"

"Mama, wale si wangu."

"Nani kasema ni wako? Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Yako wameifupisha?"

Msemo huo! Natamani ningeuzika kaburini. Mwizi anausema, mvivu anausema, na mama mtu mzima anaufundisha mbele ya mjukuu kana kwamba ni sala. Mume alisikia yote na kuendelea kula. Mwanamume yule huunganisha chuma na chuma, lakini kusema neno moja kati ya mama yake na mkewe kulimshinda.

Basi mke akachoka. Siku moja akamchukua Kesho Tajiri hadi getini kwa mlinzi wa kituo, akasema, "Huyu ni shemeji yangu. Akija kuchukua samaki waliokwisha pimwa, ni kama nimekuja mimi." Alitaka kupumzika na kelele tu, maskini. Mlinzi akaizoea sura, na mtu akishazoeleka getini haulizwi tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko. Jirani yangu alikuwa kwangu tangu asubuhi. Bwawa nilikuwa nimelikausha, nikalitia chokaa, nikalijaza maji mapya. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko akatazama kama vidole bado vinaonekana. Havikuonekana, maji yalikuwa ya kijani, yamejaa chakula cha samaki. Akaniambia kuna majike wameshabeba mayai, na watoto wakianza kuogelea wenyewe ataniletea. Nilimkumbatia na matope yangu yote.

Tukaenda pamoja kwake kunywa chai. Nje tukakuta gari tusilolijua. Ndani, meza imejaa. Wanaume watatu waliovaa vizuri wanachambua samaki wakubwa wa kukaanga, na Kesho Tajiri kakaa kwenye kiti cha kaka yake, kaka mwenyewe kando kwenye stuli.

"Waheshimiwa," akasema Kesho Tajiri alipotuona, "huyu ndiye mfanyakazi wangu wa mabwawani niliyewaambia. Shemeji, salimia wageni, ndio watakaoweka mtaji kwenye mradi wangu wa samaki."

Mfanyakazi wake! Nilitaka kumrukia. Lakini jirani yangu hakumtazama hata yeye. Alikuwa anatazama samaki.

"Hawa mmewatoa wapi?"

"Kazini kwako, mwanangu," mama mkwe akajibu kwa furaha kutoka jikoni. "Leo ndio tumeona samaki! Tena wamevaa hereni. Nimekuwekea, usije ukasema tumekuharibia vitu vyako."

Akaleta kisahani. Vilebo vilikuwa vimeoshwa vizuri, vinang'aa. Jirani yangu akavishika kimoja kimoja. Sijawahi kuona mtu akishika vitu vidogo hivyo kana kwamba ni vizito.

"Mmechukua wangapi?"

"Wote wa maana," akasema Kesho Tajiri. "Walikuwa wananiponyoka, nikafungua maji yakatoka. Waliobaki mle ni vidagaa tu."

"Ukayafunga? Ukajaza tena?"

Hakuyafunga. Waliobaki walikuwa wamelala kwenye sakafu kavu ya tangi tangu asubuhi.

"Mama," jirani yangu akauliza polepole, "kuna waliokuwa na kitu mdomoni?"

"Wapo! Punje za manjano, zimejaa kinywani. Nikajua ni uchafu wa kwenye tangi. Nimesuuza na sabuni mpaka zikatoka."

Perege huyu jike huyaatamia mayai yake mdomoni, ndugu zangu. Hali chochote; hufunga kinywa na kuvumilia njaa mpaka watoto wapate nguvu. Wamechinjwa wakiwa wameyabeba.

Jirani yangu alinyakua kikombe mezani akatoka mbio. Nilimkuta kwenye mfereji nyuma ya jiko, amepiga magoti, anachota maji ya sabuni na kutafuta. Alizipata punje chache. Zilikuwa zimegeuka nyeupe. Mumewe akatokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiwa na neno la kusema.

"Basi, inuka. Unatuaibisha mbele ya wageni."

Wageni walishiba, wakaaga, na hawakuweka mtaji wowote. Mlinzi alifukuzwa. Jirani yangu naye alifukuzwa, kwa sababu mkono wake ndio uliomwingiza mwizi. Akamchukua mwanawe akarudi kwa wazazi wake. Kesho Tajiri? Yupo. "Samaki ni samaki tu," husema, "watazaliwa wengine." Wamezaliwa, ndiyo. Nilinunua vifaranga wa kawaida nikawatia kwenye bwawa langu zuri la kijani, ugonjwa ukarudi, ukawamaliza.

Juzi mama mkwe alikuja kwangu na bakuli. "Jirani, siku hizi hatujui hata harufu ya samaki. Huna hata wawili?" Nikamshika mkono, nikampeleka bwawani. Walikuwa wameelea tumbo juu, weupe, bwawa zima.

"Chagua," nikamwambia.

MAFUNZO

Kazi ya ndugu yako si ghala lenu. Kuna vitu kazini kwake ambavyo wewe huvielewi, na unachokiona kitoweo kinaweza kuwa tegemeo la mabwawa ya watu usiowajua. Uliza kabla hujala.

Na wewe unayefanya kazi, "hapana" iseme siku ya kwanza. Itauma, watakununia, watakuita mchoyo, lakini utaisema ukiwa bado unacho cha kulinda. Cheo chako usimwazime shemeji. Nanyi waume mnaonyamaza ili mle kwa amani: aliyenyamaza katika nyumba hii alikula pamoja na wezi, na leo analala peke yake.

Hasira yangu sitaiuza kwa samahani. Anayetaka iniishe alete kwanza jike mmoja mwenye mayai mdomoni, aliye hai.