Ndoo ya Mpishi na Gazeti la Ukutani

Mpishi wa shule anachota maji ya mtaroni kuchemshia chai. Redio alilisikia neno hilo Jumatatu asubuhi, ufagio ukiwa bado mkononi, na tangu hapo halikumbanduka. Alifagia darasa nalo, akasimama mstarini nalo, akafanya hesabu za sehemu nalo na kukosa saba kati ya kumi.

Redio halikuwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio. Alipewa na baba yake, aliyedai kwamba mtoto huyu alitoka kiwandani bila kitufe cha kuzimia. Alikuwa darasa la sita, na ndiye mhariri wa gazeti la ukutani: ubao mmoja nje ya ofisi ya walimu ambapo kila Ijumaa wanafunzi walibandika karatasi zao kwa pini. Mwalimu mkuu hakuzikagua kwanza. "Ubao ni wenu," aliwaambia. "Andikeni mnachofikiri." Shule za jirani hazikuwa na kitu kama hicho, na watoto walitembea vifua mbele kwa ajili yake.

Wiki hiyo watoto kumi na wanne waliumwa tumbo. Redio akaona mambo yamejipanga yenyewe.

"Nani alimwona mpishi mtaroni?" aliuliza rafiki yake, Kifutio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakumaliza sentensi bila kuifuta mara mbili.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe nawe. Shule nzima inajua. Au unataka mtaro wenyewe uje kutoa ushahidi?"

"Basi andika jina lako chini."

"Nitaandika Msema Kweli. Huo ndio uhuru wa kusema, bwana. Unasema, halafu unakwenda zako."

Ijumaa karatasi ikabandikwa, kwa herufi kubwa nyekundu: MPISHI ANATUNYWESHA MTARO.

Saa nne hakuna aliyegusa kikombe. Wavulana wa darasa la saba waliimba "Mtaro, mtaro" kila mpishi alipopita. Mpishi alikuwa mama wa makamo, mcheshi, aliyewaita wote wajukuu zake, hata waliomzidi kimo. Siku hiyo hakumwita mtu. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Mwalimu mkuu akamwambia akae nyumbani hadi Jumatano, mkutano wa wazazi utakapoamua kama atarudi kazini. Kisha akaung'oa ubao kwa mikono yake na kuufungia stoo.

"Niliwapa uhuru," alisema mstarini, "mkaufanya jiwe la kumpigia mtu kichwani. Gazeti limekwisha."

Nyumbani, mama yake Redio, fundi cherehani, alikuwa akimpima mteja kiuno. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Alitoa pini mdomoni moja moja.

"Ni wewe?"

Redio aliinama kuokota vipande vya kitambaa sakafuni.

"Nimekuuliza."

"Ni mimi, mama."

"Nilijua. Kila siku nakwambia mdomo wako utakuponza. Wakikufukuza nitakupeleka wapi mimi? Sasa kaa kimya. Hawajui nani ameandika, na wasijue."

"Lakini mama, watoto wanaumwa kweli."

"Wanaumwa, ndiyo. Uliwauliza walikula nini? Walikunywa nini?"

Mama aliyasema hayo kwa hasira tu, akarudi kwenye kiuno cha mteja. Lakini Redio usingizi ulimpaa. Hakuwa ameuliza hata mtu mmoja.

Jumamosi na Jumapili yeye na Kifutio walizunguka nyumba za wagonjwa wakiwa na daftari. Ulikunywa chai ya shule? Maji ulikunywa wapi? Siku gani? Kila jibu liliandikwa mbele ya jina la aliyelitoa. Kifutio alifuta, akaandika upya, na safari hii Redio hakumcheka. Walipojumlisha, walirudia hesabu tangu mwanzo. Kati ya watoto kumi na wanne, tisa hawakuonja chai wiki nzima. Lakini wote kumi na wanne walikuwa wamekunywa maji ya bomba la uwanjani baada ya michezo, na bomba lile hupokea maji ya tangi la juu.

Walimfuata mlinzi wa shule. "Tangi lile halina mfuniko," aliwaambia. "Upepo uliuchukua kabla ya likizo. Nilimwambia mkubwa, akasema tutaona."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mpishi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmefuata chai ya mtaro?"

Redio alifungua daftari. "Bibi, ulikwenda mtaroni na ndoo?"

"Kila siku nakwenda, kumwaga maji niliyooshea vyombo. Ndoo inakwenda imejaa, inarudi tupu. Aliyeniona aliona nusu ya safari."

"Ni mimi niliyeandika."

"Najua. Herufi yako ya M imekaa kama kiti kilichovunjika mguu. Nimesoma karatasi zako zote, mjukuu wangu, tangu ile ya kwanza ya choo kisicho na mlango. Matusi nimeyapata mbele ya watu. Haya mazuri utanisemea hapa barazani tu?"

Jumatano darasa lilijaa wazazi. Mwalimu mkuu alipofika kwenye suala la mpishi, Redio alisimama. Mama yake akamvuta sketi. Hakukaa.

"Msema Kweli ni mimi," alisema. "Na sikusema kweli. Mpishi huenda mtaroni kumwaga maji, si kuchota. Sikumuuliza. Bibi, nisamehe."

Minong'ono ilipita darasani. Redio akafungua daftari, akasoma majina na majibu, moja baada ya jingine. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho.

"Ugonjwa unatoka kwenye tangi. Halina mfuniko. Na wewe, mwalimu mkuu, uliambiwa kabla ya likizo."

Wazazi wakamgeukia mwalimu mkuu.

"Nani amekuruhusu kuchunguza tangi la shule?" aliuliza mwalimu mkuu.

Redio akamnyooshea daftari. Ndipo kiti cha pembeni yake kikasukumwa nyuma.

"Hakuruhusiwa, mwalimu," alisema fundi cherehani, akiikaza kanga mabegani. "Mimi mwenyewe nilimwambia anyamaze. Nilikosea. Sasa naomba aachwe amalize, halafu mtu apande juu aangalie."

"Apande," alisema mzazi mmoja nyuma. "Apande," wakasema wengine.

Mlinzi akaleta ngazi. Mkutano mzima ulitoka nje ukatazama juu. Aliposhuka, alikuwa amebeba njiwa wawili waliooza ndani ya ndoo, na akina mama wa mbele wakaziba pua.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Niliambiwa," alisema. "Mara mbili. Huyu mtoto amesema kweli, na kosa ni langu."

Jioni ile tangi lilikaushwa, likasuguliwa, likafunikwa. Alhamisi mpishi alikuwa jikoni, na wavulana wa darasa la saba walisimama mlangoni kuomba radhi kabla ya kupewa kikombe. Mwalimu mkuu aliutoa ubao stoo, akaubeba begani mwenyewe kukatiza uwanja, na shule nzima ikamsindikiza kwa shangwe kana kwamba wameshinda kombe na kulileta nyumbani.

Aliwaomba watoto jambo moja tu: karatasi ya kwanza iandikwe na mzazi. Wakamchagua fundi cherehani. Akaandika polepole, kwa kalamu ya bluu:

"Watoto wangu, mdomo ni wenu, na mimi sitaufunga tena. Lakini yaepukeni haya:

Kuandika mlichoambiwa na 'watu'. Watu wana majina, waulizeni.

Kumsema mtu kabla ya kumfuata na kumsikia.

Kujificha nyuma ya jina la uongo.

Kumzomea mtu kwa sababu wengine wanamzomea.

Kunyamaza kwa sababu aliyekosea ni mkubwa.

Kunywa maji ya tangi lililo wazi.

Na sisi wazazi, kuwaziba watoto midomo kwa sababu ya hofu zetu."