Kiu ya Magadi

"Huyo wa Oltepesi ni nani, Baba Elsie? Nitajie jina nifunge nguo zangu!"

"Hakuna mwanamke."

"Na hii?" Naliaka alimsukumia mumewe usoni simu yake mwenyewe, ile ndogo ya tochi, mulika mwizi, kisha akamsomea: "'Ile ya kwanza haikushika? Kali zaidi iko tayari. Pitia Oltepesi.' Mwaka mzima unanigeuzia mgongo kama gunia, kumbe nguvu unapelekea mwingine!"

Khisa alikuwa ameingia nyumbani Kitengela asubuhi hiyo kutoka Magadi, alikofanya kazi kiwandani. Soda mkononi, kama kawaida yake. Akaketi kitandani.

"Nguvu gani, Mama Elsie? Ningekuwa nazo singezileta hapa?" Akatoa kwenye begi mfuko wa unga wa mizizi. "Huyo ni mzee ananiuzia dawa. Mwili umekataa. Nakugusa, hakuna kitu. Nilienda zahanati Kajiado, daktari akasema hatibu kiungo kimoja, anatibu mtu kamili: damu, chakula, usingizi, mawazo. Akasema nirudi na wewe. Nikatoroka."

"Ukanitoroka mimi?"

"Niliona aibu."

Naliaka alitaka kulia. Badala yake akamtazama vizuri. Shati lilikuwa linampwaya. Soda imeisha, anafungua nyingine.

"Hiyo kiu ni ya nini?"

"Magadi ni moto. Kila mtu kule ana kiu."

"Hapa ni Magadi? Na sisimizi wanaojaa pale unapokojoa? Marehemu shangazi yangu alianza hivyo hivyo. Ilikuwa sukari."

"Sukari na mambo ya kitandani wapi na wapi?"

"Mimi si daktari. Lakini huyo mzee wako alikupima nini?"

Khisa akauweka mfuko wa unga kitandani.

"Na nisipopona? Utaniacha?"

"Nilikuwa naondoka kwa sababu ya mwanamke. Mwanamke hakuna. Vaa viatu."

"Leo?"

Lakini Naliaka alishafika chooni. Akaumwaga unga humo, na soda ikafuata.

Kajiado, mhudumu wa zahanati hakuinua hata kichwa.

"Shida?"

Foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Naliaka akafungua mdomo, lakini Khisa akamshika mkono, akamtangulia.

"Ni mimi. Kitandani nimeshindwa. Daktari alisema nirudi na mke wangu. Huyu hapa."