Nilikwenda Kumzika Mama Mkwe, Nikaonyeshwa Kaburi la Mume Wangu

Nina miaka hamsini na minne. Ni nesi, naishi Penrith, mwisho kabisa wa Sydney upande wa magharibi, na nimemlea binti mmoja bila baba. Naandika haya nimetoka zamu, miguu imevimba, wala sina nguvu ya kumlilia mtu. Ila binti yangu amesimama pale pale nilipoangukia mimi, nami naogopa... Naogopa sana.

Binti mwenyewe anaitwa Doreen. Najua mtanicheka, Mkikuyu gani huyo? Nivumilieni kidogo.

Nilisomea unesi London, nikikaa kwa shangazi yangu. Siku hizo kulikuwa na vijana wa Kizungu, vichwa upara na mabuti mazito, waliojiita wazalendo. Walikuwa mafashisti. Walivunja vioo vya maduka ya Wahindi, walitutemea mate vituoni, na msichana tuliyesoma naye darasa moja walimpiga mpaka taya ikavunjika. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao. Wewe ungefanya nini? Ungekaa tu na kusali?

Mimi nilijiunga na kikundi cha kupambana nao. Sisemi kuandamana na mabango, nasema kupambana. Mafashisti wakipanga mkutano kwenye baa, sisi tulitangulia kufika. Wakija sokoni kuuza magazeti yao, tuliwafukuza kwa mikono. Wenzetu wenye umri walitusimulia jinsi baba zao walivyoziba barabara za mashariki ya London kwa meza na magodoro ili mafashisti wa enzi hizo, wenye mashati meusi, wasipite, na sisi tukajiona warithi wao. Kazi yangu ilikuwa kuosha na kufunga majeraha jikoni kwa mtu. Sijutii hilo hata kidogo.

Kikundi kilikuwa na sheria moja kubwa: humuulizi mwenzako habari za kwao. Unamjua kwa jina moja, basi. Hujui anakoishi wala wazazi wake ni nani, ili ukikamatwa usiwe na la kusema. Ilikuwa sheria ya busara kabisa. Na ndiyo iliyonimaliza.

Kisha akajiunga nasi kijana wa Kizungu aitwaye Alan, na vani yake kuukuu. Kikundi kizima hakikuwa na gari, kwa hiyo mnaweza kufikiria alivyopendwa. Alinirudisha nyumbani baada ya mikutano, akajifunza kula chapati kwa mkono, akanichekesha. Tukaanza kuishi pamoja, nami nikamwita mume wangu.

Shangazi hakuridhika. "Watu wake ni akina nani?" aliniuliza. Nikamwambia sisi hatuulizani mambo hayo. "Hamuulizani? Kwani mnaokotana kama paka? Posa ataileta nani?" Nilikasirika. Nilimwona mshamba ambaye hajui siasa.

Kwa miaka yote tuliyokaa, Alan alinidokezea mambo mawili tu: kwamba alizaliwa katika mji mdogo wa kaskazini, ambao alinitajia, na kwamba mama yake aliitwa Doreen.

Siku moja akaniambia mama yake amefariki. Alikuwa anakwenda kuzika, ila nisimfuate, maana ndugu zake hawapendi watu weusi na hakutaka nidhalilishwe. Alilia, jamani! Machozi ya kweli nikamfuta kwa mkono wangu. Nilikuwa na mimba changa, na nikaona si wakati wa kumwambia.

Shangazi aliposikia alishangaa. "Mwanamume anamzika mamake na wewe umekaa hapa? Watakutukana, eeh, lakini watakuwa wamekuona. Vaa viatu." Kwetu mwenzako akifiwa unafunga safari, hungoji kualikwa. Tukapika chapati, tukajaza chai kwenye chupa, tukavaa leso zetu juu ya makoti na kupanda treni.

Katika kanisa la mji ule tulimkuta kasisi peke yake. Alituambia hakukuwa na mazishi wiki hiyo. Nikamtajia jina la ukoo, ambalo hapa nitalificha kwa heshima ya yule mama. Kasisi akatupeleka kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya kanisa.

Mlango ulifunguliwa na mama mzee mwenye aproni. Kasisi akamwita Doreen. Mama mkwe niliyekuja kumzika alikuwa hai, mzima wa afya, amesimama mbele yangu!

Nilimwambia mimi ni mke wa mwanawe, Alan. Alivua aproni, akavaa koti, akatuongoza hadi makaburini nyuma ya kanisa. Jiwe lilikuwa dogo. Majina yalikuwa ya mume wangu, yote matatu, na siku ya kuzaliwa ndiyo ile tuliyokuwa tukimkatia keki. Alikufa kwa ugonjwa wa damu kabla hajaanza shule. "Alan wangu ni huyu," alisema. "Wa kwako simjui."

Shangazi aliweka kapu chini akamkumbatia. Chapati za matanga tulizila jikoni kwa yule mama, sisi watatu, tukimlilia mtoto wake.

Alan sikumwona tena. Muda si mrefu wenzetu waliopanda vani yake walikamatwa, wengine wakafungwa. Waliobaki wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Mimi niliyelala naye nilishukiwa kuliko wote, na kikundi kikafa bila fashisti hata mmoja kukigusa. Miaka mingi baadaye ilikuja kufichuka magazetini kwamba polisi walikuwa wakipandikiza makachero ndani ya makundi kama letu, na kwamba baadhi yao walichukua majina ya watoto waliokufa. Kachero wangu jina lake halisi sijaambiwa mpaka leo.

Nilijifungua msichana. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Mama yupi sasa? Nilimjua mmoja tu. Nikampigia simu kumwomba ruhusa, akalia, akakubali. Tulipohamia Australia mtoto alikuwa hajaanza kutembea.

Doreen sasa anasoma chuo kikuu, Kensington ya hapa Sydney. Huku nako mafashisti wameanza kujikusanya, wamevaa nguo nyeusi na kufunika nyuso, na yeye na wenzake huenda kuwazuia. Nilijivunia. Kisha akaniletea habari za mpenzi wake, mwenzake wa kikundi, anayeitwa Liam. Liam nani? nilimuuliza. Watu wake ni akina nani?

"Mum, we don't ask that. Ni kwa usalama wa kila mtu."

Nikazima jiko, nikamkalisha, nikamweleza yote haya mliyosoma. Alilia sana. Kisha akafuta uso na kuniambia, "Lakini nikianza kumshuku kila mtu, Mum, then they've won. Si ndivyo walivyovunja group yenu?"

Aliondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga Penrith. Kama nilimwokoa au nilimpoteza, sikujua.

Jumapili iliyopita alirudi na Liam, pamoja na mwanamke wa makamo aliyebeba keki. Alikuwa mama yake Liam. Doreen alimtafuta kwa ajili yangu, apate kunituliza.

Ningefurahi, sivyo? Nilimimina chai. Yule mama akasimulia uzazi wa mwanawe na utundu wake wa utotoni, nami nilikuwa nikilinganisha masikio yao. Nikamuuliza mwanawe alizaliwa hospitali gani. Nikauliza jina la mwalimu wake wa kwanza. Nikauliza tena hospitali, nione kama atabadilisha. Liam akainamisha kichwa. Doreen akanishika mkono chini ya meza. "Mum, please. Inatosha."

Mama wa watu akashukuru kwa chai, akaenda. Nadhani ni mama yake kweli... Nadhani. Lakini hata ningeonyeshwa cheti cha kuzaliwa, ningesema kimeghushiwa.

Ndugu zangu, sisemi muache kupambana na watu wale. Wataumiza watu tena, na lazima awepo wa kuwazuia. Ila sheria ya kutoulizana ibaki huko huko mkutanoni, isiwafuate chumbani. Anayekupenda muulize watu wake, na uende ukawaone. Uliza mapema, wakati bado unaweza kuamini unachojibiwa. Mimi siwezi tena.