Msichana Aliyerudisha Jina

Theluji ya kwanza ilianguka mchana, nyembamba, ya kuchafua viatu tu. Keziah Tuttle alipanga kuni mekoni, akamkalisha binti yake Orpha karibu na moto na kumwambia ajifungie komeo, asimfungulie mtu mpaka asikie sauti ya mama yake. Orpha alikuwa na miaka sita. Baba yake alikuwa kambini huko milimani, akikata magogo. Keziah naye alikuwa na jozi nne za soksi za kufikisha kanisani kabla Bibi Pardee hajapigilia misumari pipa la nguo za kupelekewa wamisionari, na Bibi Pardee hakuwa na tabia ya kumngoja mtu.

Jua lilikuwa linazama alipofika darajani. Hapo ndipo aliposikia harufu. Moshi, na mafuta matamu ya kupaka nywele. Hakuijua. Mimi na wewe tungeijua mara moja kuwa ni nazi. Lakini katika milima ya Vermont, Marekani, mwaka 1838, nani alipaka nazi?

Aligeuka. Hakuna mtu. Akaona nyayo zake kwenye theluji... na kando yake nyayo nyingine. Ndogo.

Za miguu mitupu.

"Usikimbie," sauti ilinong'ona. "Nimetembea sana."

Msichana wa miaka kumi na moja hivi alikuwa amesimama upande wa pili wa daraja, mweusi, mwembamba, amevaa gauni la bluu lenye pindo la maua meupe. Keziah alilijua gauni lile. Alilishona yeye mwenyewe mwaka juzi, likaingia kwenye pipa.

Miaka mitatu nyuma, Lovina, kifunguamimba wake, alikufa kwa ugonjwa wa koo. Kina mama wa chama cha ushonaji wakajitolea kumsomesha msichana mmoja katika shule ya misheni kule Seiloni, kisiwa cha mbali karibu na Bara Hindi, na kama ilivyokuwa desturi, mfadhili ndiye aliyechagua jina la kumbatizia. Keziah hakufikiri mara mbili. Tangu hapo kila mwaka barua ilikuja. Lovina Tuttle anajua kusoma. Lovina Tuttle ana mkono mzuri wa kushona. Alizisoma mpaka karatasi zikalainika, na nisiseme uongo, ndizo zilizomwezesha kulala usiku.

"Nimerudisha jina lenu," msichana alisema. "Mwenyewe nimemkuta huko. Kalishikilia, hataki kugawana."

Keziah alitaka kukimbia, lakini maneno hayo yalimshika miguu.

"Umemwona Lovina? Bado anakohoa?"

"Hakohoi." Msichana alinyoosha mkono. "Sasa nipe langu."

"Lako lipi, mwanangu?"

"Mlilonivua. Watu wangu hawanipokei bila jina."

"Silijui. Haki ya Mungu, silijui."

"Katafute. Usipolipata nitachukua lililo karibu. La yule mdogo uliyemwacha nyumbani."

Keziah alikimbia mpaka kanisani.

Bibi Pardee alikuwa na nyundo mkononi. "Afadhali, dada Keziah. Nilidhani mwaka huu wamisionari watapigwa na baridi kwa ajili yako." Huko Seiloni jua lilikuwa la kukaanga mayai, lakini chamani hakuna aliyewahi kuuliza soksi za sufu zilienda kufanya nini.

"Barua za yule msichana. Ziko wapi?"

Bibi Pardee aliweka nyundo chini polepole. "Kumbe umeshasikia? Nilitaka nikwambie tukishafunga pipa." Akatoa barua mfukoni mwa aproni. "Amefariki, dada. Homa, mwezi wa Juni. Wanauliza kama tungependa jina apewe mwingine."

"Aliitwa nani?"

"Si Lovina?"

"Kabla yetu."

"La kipagani?" Bibi Pardee alimshangaa. "La nini tena? Nani angeliandika?"

Walipekua sanduku zima la barua. Barua ya kwanza kabisa ilisema tu kwamba amepatikana msichana mtulivu, wa miaka minane hivi, ambaye ataitwa Lovina Tuttle.

Basi. Hapakuwa na kingine.

Aliporudi darajani hapakuwa na mtu. Nyayo ndogo zilikuwepo, zikielekea nyumbani kwake. Lakini mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani, na Keziah alimshukuru Mungu kwa sauti. Akachungulia dirishani. Mtoto alikuwa amekaa palepale, anachezea ncha ya nywele zake zilizosukwa.

"Orpha. Nifungulie."

Mtoto hakugeuka.

"Orpha, ni mama."

"Naam, mama."

Sauti ilitoka nyuma yake... kwenye theluji.

Daktari alisema ni masikio. Lakini mtoto alisikia birika likichemka, akasikia mbwa wa jirani. Jina lake tu ndilo hakulisikia. Walimpa lingine, na lingine tena, na kila lililotolewa jioni lilikuwa limempotea kufika asubuhi. Ikabidi aitwe "wewe".

Keziah aliandika Seiloni kwa mkono wake, akauliza jambo moja tu. Jibu lilifika vuli iliyofuata. Mmisionari alisema amekwenda mpaka kijijini, akamkuta mama wa marehemu akipepeta mchele. Mama yule alisikiliza swali lote, akaingia ndani, akafunga mlango, ndipo akajibu.

"Waambie mtoto niliwapa. Jina hawalipati."

Keziah alikunja barua. Alitaka kumchukia mwanamke yule, akashindwa. Hata yeye mwenyewe asingelitoa.

Nje giza lilikuwa linaingia, na mtoto alikuwa bado anacheza uani. Harufu ya nazi ilikuwa imeanza kupenya chini ya mlango. Mama yeyote angesimama kizingitini akamwita mwanawe aingie ndani. Keziah alivaa viatu, akafumba mdomo, akatoka kumshika mkono. Alijua ni nani angeingia kama angeita.