Mtungi Uliojaa Ulininyang'anya Mama

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha pili. Shuleni najulikana kwa mizaha. Mwalimu wa hesabu husema nitachekesha watu hata matangani... Wasomaji wenzangu, matanga nimeyaona, na sikuchekesha mtu!

Kwetu ni Amagoro. Kaka yangu Emuria alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Busia, na jinsi alivyoringa! Hata chooni alienda na ufunguo mkononi. Mama naye alimsifu sokoni mpaka wateja wakakimbia.

Jumapili moja tulipata habari kwamba dada yetu aliyeolewa Tororo amejifungua. Mama akafunga mzigo akapande treni Malaba jioni hiyo, na Emuria akaahidi kumfikisha stesheni kwa lori. Kwa furaha, shangazi akatoa ajon, pombe yetu ya wimbi.

Sisi Wateso tunazunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, tunavuta polepole huku tukipiga hadithi. Pombe ikianza kushuka, shangazi anamimina maji moto na mtungi unajaa tena. Sasa niambieni, hapo mtu atajuaje amekunywa kiasi gani?

Mimi, kwa utundu wangu, nikamrushia Emuria pera. Likampiga puani, halafu ndipo mkono ukainuka kulidaka! Watu walicheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Nilijiona bingwa... Kumbe nilikuwa nimeuona mwili wake ukichelewa, na sikuelewa!

Saa ya kuondoka, mama akamkazia macho. "Wewe Emuria, umekunywa kiasi gani?"

"Mama, si uangalie mwenyewe? Mtungi bado umejaa! Ama unataka treni ikuache?"

Jirani mmoja akadakia, "Mama Emuria, huyo ni dereva, bwana! Wacha kumchunga kama ndama."

Mama akapanda. Nikakaa kando yake, mzigo magotini.

Emuria akaendesha huku anaimba, tena jicho moja amelifunga. Nikamwuliza kama analenga ndege.

"Barabara zimekuwa mbili," akasema akicheka. "Nachagua iliyo nzuri."

Nilicheka. Mama hakucheka. Alimwomba apunguze mwendo, naye akaongeza! Ushujaa huo aliutoa wapi, kama si mtungini?

Chini ya mteremko ng'ombe walikuwa wanavuka kwenda mtoni. Mama akapiga kelele. Emuria aliwaona, lakini akasema, "Wako mbali hao!" Hawakuwa mbali. Mguu wake ukatafuta breki kama mtu anayepapasa viatu gizani... Ulipoipata, tulikuwa tumeshaacha barabara. Lori likapinduka mtaroni.

Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Mama hakutoka.

Hospitalini daktari alinieleza kwamba pombe haingoji mtu ayumbe. Kwanza inamwambia yuko sawa. Halafu inamwibia macho, asijue kilicho mbali na kilicho karibu, na mikono na miguu inachelewa kutii. Kaka yangu hakuwa anayumba. Alijiamini kabisa!

Emuria yuko jela. Nilienda kumwona mara moja. Akauliza, "Mama alisema chochote?" Niliinuka nikaenda zangu. Je, namchukia? Ningejua ningewaambia... Darasani, lori likifunga breki huko barabarani, najikuta nimeshasimama. Siku hizi mwalimu haniulizi naenda wapi.

Wenzangu, dereva aliyekunywa akikuambia yuko sawa, usimwamini, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Hasemi uongo, ndiyo hatari yenyewe! Shuka. Mshushe na mama yako. Wacha wakuite mwoga.

Treni ingemwacha mama siku hiyo, basi. Angerudi jikoni amenuna, angetugombeza wiki nzima, nami ningemwiga sauti mpaka anirushie mwiko.