Tope Jeupe la Profesa Mansour

Maiti ya Profesa Mansour Duni ilikuwa imenyooka kitandani kupita kiasi. Macho yamefumbwa, kidevu kimefungwa kwa kitambaa cheupe, miguu sambamba. Mgonjwa wa pumu anayekufa peke yake akipigania pumzi hakutwi hivyo, na Inspekta Zuleikha hakuhitaji kuambiwa.

"Bintiye anasema jana kutwa alikuwa Bwejuu, upande wa pili wa kisiwa," alisema Daktari Fathiya. Aliitwa nyumbani hapo Mbweni kuthibitisha kifo, badala yake akawapigia simu polisi. "Amerudi asubuhi hii, akamkuta kishakufa, akamfumba macho na kumfunga kidevu. Lakini mwili wote umekakamaa, Inspekta. Huyu amekufa jana jioni."

Zuleikha aliwahi kumlaza mamake mwenyewe alipofariki. Alijua kwamba taya likishakakamaa halifungiki tena. Aliyemfunga Profesa alikuwa naye jana, mwili ungali na joto.

Barazani, Bi Salhiya, dada wa marehemu, alikuwa ameishiwa subira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, kaburi linachimbwa, watu wanataka kumsalia adhuhuri. Unamzuia ndugu yangu kwa lipi? Pumu tu hiyo!"

"Nipe muda kidogo. Jana alikuja nani hapa?"

"Yule mgeni wake wa bara, Makungu. Waligombana mpaka majirani wakatoka nje."

Dakta Makungu alipatikana katika hoteli ya jirani, begi lishafungwa. Yeye na Mansour walikuwa wanajiolojia. Kwa zaidi ya miaka ishirini waliandikiana kuhusu ziwa moja dogo juu ya milima ya bara, wakibishana namna lilivyozaliwa. Wengine hugombania mpira, hawa waligombania ziwa.

"Mansour amekufa," Zuleikha alimwambia bila kuzunguka.

Makungu aliketi juu ya begi lake. "Haiwezekani! Jana nimemwacha akinitukana."

"Kwa lipi?"

"Yeye alishikilia kwamba maji ya ziwa yamezuiwa na jabali lililoporomoka. Mimi nilisema ni tuta la kifusi kilichosukumwa na barafu ya kale, na ndani yake bado mna barafu. Ikiyeyuka, tuta linabomoka. Nikampelekea bomba la tope la chini ya ziwa alipime. Nikamwandikia: nijibu upesi, vijana wangu wamepiga kambi chini ya tuta."

"Akajibu?"

"Kila mara jibu ni moja. Subiri, sijamaliza kupima. Mwaka jana tuta likapasuka. Maji yakawachukua vijana wote."

"Na jana?"

"Nilikuja kuchukua tope langu. Nikafungua friji mwenyewe. Kumbe bomba limeshapasuliwa! Ndani tope jeupe kama unga, mawe yaliyosagwa na barafu, kama nilivyosema. Na kibandiko kina tarehe ya kupima kwa mkono wake, kama tunavyofanya sote. Alikuwa amemaliza kabla ya maafa, Inspekta. Alijua!"

Zuleikha alimkodolea macho. "Nani mwingine alisikia haya?"

"Bintiye, Nadra. Alikuwa ameshika sinia ya chai. Ikamponyoka."

Jana. Siku aliyosema yuko Bwejuu.

"Katika vijana wako, alikuwepo mtu wa Unguja?"

Makungu aliinamisha kichwa. "Anuar. Mume wa Nadra."

Nadra alikuwa katika chumba cha kazi cha babake, ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Zuleikha alifunga mlango nusu. Alitamani sana awe amekosea.

"Ulikuwepo, Nadra. Ulimfunga kidevu mwili ungali na joto."

Nadra hakugeuza kichwa.

"Ungemwacha tu, nani angejua?"

"Nimwache macho wazi?" Nadra alishtuka kweli. "Ni babangu!"

"Nieleze basi."

"Baba hakupenda kompyuta. Barua za Makungu mimi nnamsomea, yeye anasema, mimi nnaandika. Kila 'subiri' iliyokwenda kule, nimeiandika kwa vidole vyangu hivi. Na mume wangu yuko chini ya tuta anasubiri."

Miaka yote kazini, Zuleikha hakuwahi kusikia jambo la kutisha kiasi hiki likisemwa kwa sauti ndogo namna hii.

"Ulimuuliza kwa nini alificha?"

"Makungu alipoondoka tu. Akasema angejibu, Makungu angeshinda. Maisha yake yote kafundisha kuwa ni jabali. Alitaka kwanza apate maelezo mengine ya lile tope. Hakudhani tuta litabomoka mapema. Nikapiga kelele. Pumu ikampanda, akaenda kujilaza, nikamfuata."

"Dawa yake ilikuwa wapi?"

"Pampu iko hapa mezani. Akaninyooshea mkono. 'Nadra, pampu.' Mlango uko wazi, nnaiona."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa."

Bi Salhiya alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimeziba kinywa. Nadra hakumwona. Aliendelea kuitazama kompyuta.

"Nikamwambia, subiri, baba. Kila akiniita nnamwambia hivyo hivyo. Subiri. Mpaka akaacha kuniita."