Koti la Eskil

Nilienda msituni siku ile kwa kazi moja tu: kupiga picha zitakazomfunga Torgny mdomo.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, jua limeanza kuinamia ziwa. Nilitoa pikipiki ya kaka yangu Eskil bandani. Mama akaja na koti la Eskil, akanivika kwenye ukumbi wenye giza, akanifunga zipu mwenyewe mpaka kidevuni. Polisi walikuwa wamelirudisha koti lile na tundu mgongoni. Mama alilifua, akalitia kiraka, akawa analitundika mlangoni kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo.

Eskil hakuwa na starehe nyingine. Kila vuli, majani yakishageuka manjano, alizunguka barabara za kusombea magogo peke yake kwa gia ya pili, taratibu, kamera kifuani. Alisema wanyama huogopa hatua za mtu kuliko injini inayonguruma chini kwa chini. Alipiga picha korongo wakienda kusini, mbweha, uyoga, na hasa elgi, yule mnyama wa misitu yetu aliye mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo. Hakuwahi kuua hata panya.

Mwaka jana Torgny, kiongozi wa wawindaji wa kijiji chetu, alimpiga risasi akidhani ni elgi.

Mahakama ikasema ajali. Haya. Lakini kijiji kilimfanya marehemu kichekesho, kwa sababu alikutwa amevaa koti ndani nje. Nje koti lile lina rangi ya chungwa inayoonekana hata kwenye ukungu. Ndani lilikuwa kahawia. "Mtu mwenye akili gani anageuza koti msimu wa kuwinda?" Torgny alisema hivyo siku ya mazishi, mkate wa iliki bado uko mdomoni. Watu wakatikisa vichwa. Nilitamani kumtwanga na sinia.

Mimi na mama tulijua kwa nini aligeuza. Kila mtoto wa huku anajua, ila akikua anaona aibu kusema. Njia ikikurudisha palepale ulipotoka, ujue Mwenye Msitu amekushika. Geuza nguo ndani nje, hatakutambua, atakuachia. Na ukisikia unaitwa, usijibu mpaka mara ya tatu. Yeye huita mara mbili tu.

Mama ndiye aliyetufundisha. Tangu mazishi hajapata usingizi wa maana.

Torgny nilimkuta kwenye kizuizi cha barabara, bunduki begani, anajimiminia kahawa.

"Ragna, rudi nyumbani. Tunawinda mpaka jua lizame."

"Windeni. Barabara si ya baba yako."

"Unafuata nini humo, dada yangu?"

"Nitalitundika koti lake pale ulipomwulia, ndani nje, nilipige picha kutoka chini ya dungu lako la kuwindia. Kila mtu aone kama linafanana na elgi."

Hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Alimwaga kahawa yake majanini. "Mimi napanda dunguni sasa hivi," akasema. "Nikikuona nitakupungia mkono."

"Mwaka jana ulipunga nini?"

Nikatia gia ya pili nikampita.

Msitu ulikuwa mzuri, na hata uzuri wake ulinitia hasira. Majani ya mibetula, ile miti ya magome meupe, yalikuwa yakidondoka moja moja. Nilipita daraja la mbao, nikateremka, na kwenye kona, chini ya mbetula wa shina pacha, alikuwapo.

Elgi. Dume.

Alisimama ananitazama. Nilizima taa, nikainua kamera, nikampiga picha. Hakutikisa sikio. Pumzi yangu ilikuwa ikitoa moshi kwa baridi... Yake haikutoa kitu.

Niliondoka polepole. Kona ya kushoto, daraja la mbao, mteremko.

Mbetula wa shina pacha.

Elgi yuleyule, amesogea karibu na barabara. Nikajiambia nimekosea njia, nikampiga picha tena, nikaendelea. Kona. Daraja. Mteremko. Sasa mngurumo wa injini ulikuwa haurudi kutoka popote, kama naendesha ndani ya chumba kilichojaa sufi. Hakuna ndege aliyelia. Harufu ikanijia puani, harufu ya ukuni mbichi uliopasuliwa sasa hivi.

Mbetula wa shina pacha.

Safari hii alikuwa katikati ya barabara. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, na nikiwa natukana kidole kikabonyeza kamera, mara moja, mara nyingine. Injini ikazimika yenyewe.

Kimya...

"Ragna."

Ilikuwa sauti ya Eskil. Ilikwaruza mwishoni vilevile, kama alivyoniita nikichelewa mezani.

"Ragna."

Mdomo ulishafunguka. Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Nikangoja ya tatu, na Mungu anisamehe, niliitaka kuliko kitu chochote.

Haikuja.

Basi nikashika zipu ya koti. Hapo ndipo nilipoelewa kaka yangu alikuwa amesimama wapi. Nisipogeuza, nabaki humu nazunguka mpaka mifupa. Nikigeuza, nakuwa kahawia kama mnyama, na mahali fulani karibu Torgny yuko juu ya dungu, amejaza risasi. Nilimchukia Torgny, nikauchukia msitu, nikawachukia wazee wote waliotuachia dawa moja tu, na yenyewe inaua.

Nikafungua zipu.

Kahawia haikuwapo. Ndani ya koti, kutoka kola mpaka pindo, mama alikuwa ameshona vipande vya rangi ya chungwa. Alikata kizibao cha kuwindia cha marehemu baba. Mishono ilikuwa mikubwa na imepinda, ya mtu anayeshona huku haoni vizuri. Sasa nikajua kwa nini alinivika gizani. Angeniambia, ningelikataa, maana lingeniharibia ushahidi wangu.

Nikaligeuza, nikalivaa.

Sauti zikarudi zote kwa mpigo, upepo, kunguru, maji ya kijito. Elgi hakuwapo. Ng'ambo ya uwazi mdogo, mbele yangu kabisa, palikuwa na dungu la mbao, na juu yake Torgny. Mwanga bado ulitosha kuona ndevu zake. Mtutu wa bunduki ulikuwa umenielekea.

Niliinua mikono yote miwili.

Risasi ikalia.

Kioo cha pikipiki kilipasuka kando ya kiuno changu. Nilianguka, nikapiga kelele nikiita jina la Torgny mpaka koo likauma. Nikamsikia akishuka ngazi, anateleza, anakuja mbio. Aliponifikia akaketi matopeni.

"Ulikuwa elgi," alinong'ona.

"Nimevaa chungwa mwili mzima, Torgny. Niliinua mikono."

"Niliona pembe. Uliinua pembe." Alivua kofia, akajifuta uso. "Na yeye vilevile. Mwaka jana. Nilimwona na pembe, nakuapia kwa wanangu. Nani angeniamini? Nikasema ni koti. Ilikuwa rahisi kusema ni koti."

"Ukamfanya mjinga. Mbele ya mama yake."

"Ndiyo."

Nilimzaba kofi. Hakujikinga. Nikamzaba la pili, na mkono wangu ukauma kuliko shavu lake, naona.

"Elgi wako huyu hapa," nikamwambia, nikichomoa kamera kwenye mkoba wangu. "Nimempiga picha nne. Alisimama kwenye kona, si hapa. Tazama, mwongo wewe, ujue ulichotakiwa kupiga."

Nikawasha kioo cha kamera, nikamsogezea usoni.

Hakunitazama. Alitazama kioo, kisha akageuza uso.

Picha ya kwanza ilikuwa na mbetula wa shina pacha, majani ya manjano, na chini yake mtu. Amevaa koti la kahawia. Ndani nje. Katika ya pili alikuwa amesogea karibu na barabara. Katika ya tatu alikuwa katikati ya barabara, mikono ameinyoosha kwangu, mdomo wazi.

Ya nne ilikuwa uso wa Eskil tu.

Elgi hakuwamo katika picha hata moja.

"Tulimzika," Torgny alisema. "Mimi mwenyewe nilishika jeneza."

Nilikuwa nafikiria kitu kimoja. Mara tatu nilimkuta ndugu yangu pale, na mara tatu macho yangu yaliapa kwamba ni mnyama. Ningekuwa na bunduki badala ya kamera, ningefyatua.

Torgny alisukuma pikipiki mpaka nyumbani kwetu. Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Aliona koti lilivyogeuzwa, akaona kioo cha pikipiki kilichovunjika, akamtazama Torgny mpaka yule mzee akainamisha kichwa. Ndipo nikampa kamera.

Hakulia. Alikasirika. Aliigonga meza kwa ngumi mpaka vikombe vikaruka.

"Niliwaambia jeneza lile linanuka ukuni mbichi," akasema. "Niliwaambia, mkaniambia ni uchungu wa mama. Mmezika gogo. Mwenye Msitu akichukua mtu huacha gogo lenye sura yake, hata bibi yangu alilijua hilo. Mmenizikia gogo na kuniachia mwanangu baridini mwaka mzima!"

"Mama Eskil..." Torgny alianza.

"Nyamaza. Wewe ulipiga risasi. Kaa hapo unyamaze."

Akanivua koti, akaligeuza upande wake wa kawaida, akalitundika nje, kwenye msumari wa kibarazani. Tukakaa. Jua lilikuwa limeshazama, dirisha limebaki na wekundu kidogo tu. Kahawa ilichemka mpaka ikakauka na hakuna aliyeinuka.

Kisha mbao za kibaraza zikalia. Hatua moja. Nyingine.

Harufu ikapita chini ya mlango.

"Mama."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Nilimkumbatia kwa nyuma, nikamshikilia. Torgny alifumba macho.

"Mama."

Nilihisi moyo wa mama ukigonga kwenye mikono yangu. Ita tena, nilisema kimoyomoyo, na hasira yangu yote ya mwaka mzima ikamgeukia Eskil. Ita tena, mpumbavu wewe, mara moja tu, unajua desturi.

Upepo ukazungusha majani kibarazani.

Mama aliondoa vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu.

"Hata kama si yeye," akasema, "anasikia baridi."

Akavuta komeo.